Kwa Nini Darubini ya Hubble Hupiga Picha za Giza

Mjomba wangu ana bucha. Ameifanya kazi hiyo tangu mimi sijaanza darasa la kwanza, na mizani yake, ile ya sahani na mshale, ina stika ya Wakala wa Vipimo ubavuni. Siku moja alirusha kwenye kundi la familia la WhatsApp ile picha maarufu ya Nguzo za Uumbaji, minara mitatu ya gesi na vumbi iliyosimama gizani kama vichuguu, akaongeza ujumbe wa sauti: "Mpwa, wewe si ndiye msomi wetu? Haya mambo si ya kuchorwa kwenye kompyuta? Halafu nasikia hiyo darubini yenyewe ilishakufa."

Binamu zangu wakajaza vikatuni vya kucheka. Mimi nikapiga simu, maana shikamoo ya mjomba haitumwi kwa maandishi, tukazungumza mpaka salio likakata. Nikagundua kwamba mtu anayeshika mizani kila siku anaielewa darubini ya angani upesi kuliko mtu aliyekariri majina ya sayari zote. Haya yanayofuata ni mazungumzo yale, nimeyapanga kidogo tu.

Tuanze na maneno. Darubini ya angani ni darubini iliyopandishwa juu kabisa ya hewa tunayovuta. Hewa hutikisa mwanga, ndiyo sababu nyota humetameta ukizitazama usiku, na baadhi ya miale huizuia kabisa isifike chini. Hubble ilirushwa tarehe 24 Aprili 1990 na huzunguka Dunia kwenye kimo cha kilomita kama 500. Mwenzake, James Webb, ilirushwa siku ya Krismasi ya 2021 na iko mbali zaidi, kilomita milioni 1.5 kutoka hapa tulipo, yaani karibu mara nne ya umbali wa Mwezi.

Neno la pili ni ugezi. Ukiwahi kupeleka kifaa cha kupimia Shirika la Viwango, TBS, utakuwa umelisikia. Wana maabara ya ugezi. Maana yake ni kukipima kipimo chenyewe: unachukua kitu ambacho thamani yake inajulikana, unakiweka kwenye kifaa, unaangalia kifaa kinasema nini, na tofauti unaiandika. Si ukarabati. Mizani inayozidisha gramu 20 kila mara si hasara kubwa kama unajua kwamba inazidisha gramu 20, unazitoa tu. Hasara ni mizani inayodanganya bila wewe kujua.

Mjomba hapo alicheka. "Hiyo ya pili naijua," akasema. "Iko bucha ya jirani."

Sasa, watu wengi wanapofikiria kazi ya Hubble humwona mtu mwenye koti jeupe amebana jicho kwenye lenzi, anachungulia galaksi, ghafla anapiga kelele. Hakuna mtu kule juu, na hakuna anayechungulia. Kazi za darubini hupangwa na taasisi iliyoko Baltimore, Marekani, na ratiba ya wiki nzima huandikwa mapema: dakika hii geuka upande huu, fungua kamera hii, weka chujio hiki, pokea mwanga kwa sekunde kadhaa, funga. Kisha amri hupandishwa, nayo darubini huzifuata moja baada ya nyingine kama mpishi wa shughuli mwenye orodha ukutani. Kugeuka kwenyewe ni kwa taratibu sana. Ili ihame robo duara, Hubble huchukua kama dakika 15, yaani mwendo ule ule wa mkono wa dakika kwenye saa ya ukutani.

Nafasi kwenye ratiba hiyo inagombewa vibaya. Wanasayansi wa dunia nzima huandika maombi, na kwa darubini ya Webb, mwito wa mwaka wake wa nne ulipofungwa Oktoba 2024, maombi karibu 2,400 yalikuwa mezani, yakidai saa kama 78,000, takriban mara tisa ya muda uliokuwapo. Majina ya waombaji hufichwa kwa wanaochambua maombi, ili mkubwa asipite kwa ukubwa wake. Na bado, pamoja na foleni yote hiyo, sehemu ya muda hutengwa kila wiki kwa ajili ya kupiga picha ambazo hakuna gazeti litakalozichapisha kamwe. Picha za giza tupu. Picha za taa ya ndani. Picha za nyota zile zile zilizopigwa mwezi uliopita, na mwezi wa kabla yake.

Hapo ndipo mjomba alipouliza swali la maana: giza la nini?

Mizani ya mshale na kamera ya mbinguni

Kamera ya Hubble haina filamu. Ina kihisi, kigae chembamba chenye mamilioni ya vishimo vidogo viitwavyo pikseli, kama kilichomo kwenye simu yako isipokuwa kikubwa na nyeti zaidi. Mwanga ukiangukia pikseli, hujikusanya humo kama chaji ya umeme. Mwisho wa picha, kompyuta huhesabu: pikseli hii imekusanya kiasi hiki, ile kiasi kile. Picha kutoka angani ni jedwali la namba na si kitu kingine. Kwa hiyo swali lote ni kama namba hizo zinasema kweli.

Mjomba anapofungua bucha asubuhi, kabla hajaweka hata pande la nyama, anaangalia mshale. Umesimama kwenye sifuri? Kamera nayo huulizwa hivyo hivyo. Husomwa papo hapo bila kupokea mwanga wowote, na namba zinazotoka hazilingani na sifuri, kwa sababu umeme wa kifaa chenyewe una kiwango chake cha kuanzia. Kiwango hicho huandikwa, kisha hutolewa kwenye kila picha.

Halafu kuna karai. Nyama ikipimwa ndani ya karai, mteja asilipie karai. Kwenye kamera, karai ni joto. Hata mlango ukiwa umefungwa kabisa na hakuna chembe ya mwanga inayoingia, joto la kihisi hutoa chaji kidogo kidogo zinazojifanya mwanga. Dawa yake ni kukigandisha kihisi. Kile kikubwa cha kamera ya Hubble iitwayo WFC3 hufanya kazi kwenye nyuzi 83 chini ya sifuri. Lakini haitoshi. Ndiyo maana hupigwa picha za giza: mlango umefungwa, kamera inasubiri dakika 15, kisha inasomwa.

Nimewahi kuitazama moja ya picha hizo, maana huwekwa wazi kwa yeyote. Ukiikuza kwenye skrini unaona weusi ulionyunyiziwa vidoa vyeupe, kama mtu amepepeta unga juu ya kanga nyeusi. Vidoa vingine ni nukta moja kali isiyohama hata ukifungua picha ya kesho yake: hiyo ni pikseli iliyoharibiwa, inatoa chaji ovyo. Vingine ni mikwaruzo mifupi, myembamba, imelala huku na huku kama vipande vya nywele kwenye sakafu ya kinyozi. Hiyo ni miale ya kosmiki, chembe zenye nguvu kubwa zinazokuja kutoka anga za mbali na kupasua kihisi ubavu kwa ubavu. Kwenye picha ya giza mikwaruzo hiyo haina pa kujificha. Kwenye picha ya galaksi, mkwaruzo mmoja unaweza kudhaniwa nyota mpya, ndiyo sababu sehemu moja ya anga hupigwa zaidi ya mara moja: nyota itakuwapo kwenye picha zote, mkwaruzo hauwezi kurudi mahali pale pale.

Picha za giza hazigharimu muda mwingi kama unavyodhani. Hubble huizunguka Dunia kwa dakika 95 hivi, na kwa sehemu kubwa ya anga, karibu nusu ya kila mzunguko Dunia yenyewe huwa imekaa mbele kama mtu mrefu aliyekaa kiti cha mbele sinema. Badala ya kungoja bure, darubini hufunga mlango na kupiga giza. Pia kuna eneo la Atlantiki ya Kusini na Brazili ambako mkanda wa chembe zinazoizunguka Dunia hushuka chini kuliko kwingine. Mizunguko kadhaa kila siku Hubble hulipitia, na kamera husitisha uangalizi kwa muda huo, kama muuza duka anavyoteremsha shata vumbi la lori likipita.

Chembe hizo ndizo zinazokizeesha kihisi. Kila mwezi hutokea kitu kinachonipendeza sana: kihisi cha WFC3 huzimiwa ubaridi, kikaachwa kipate joto hadi nyuzi 20, joto la chumbani tu, kisha kikagandishwa tena. Kati ya pikseli zilizoharibika mwezi huo, nyingi hupona. Kwa nini joto kidogo linatosha kuponya? Jibu kamili bado halijulikani. Vidonda vyenyewe ni chembe zilizosogezwa kutoka mahali pake ndani ya kihisi, na huenda joto huzipa nguvu ya kutulia upya. Zile zisizopona huandikwa kwenye orodha, na kompyuta huambiwa isiziamini.

Hatua ya tatu ni sahani. Mizani nzuri ikupe jibu lile lile, nyama ikiwa katikati au pembeni. Pikseli hazijazaliwa sawa. Moja hupokea mwanga vizuri, jirani yake ni mvivu kidogo. Kwa hiyo kamera hutazamishwa mwanga uliosambaa sawasawa, kama wa taa yake ya ndani, ili kila pikseli ijulikane tabia yake. Pia kuna ujanja wa kupiga kundi moja la nyota, ukilisogeza kidogo kila mara. Nyota ile ile inapotua pembe hii ya kihisi na baadaye pembe ile, inapaswa kuonekana na mng'ao ule ule. Isipoonekana hivyo, kosa ni la kihisi. Omega Centauri, rundo lenye mamilioni ya nyota linaloonekana kwa macho kutoka kwetu huku kusini kama nyota moja yenye ukungu, limetumiwa mno kwa kazi hii.

Na kuna la ndoo. Ukizima moto kijijini bila gari la zimamoto, watu hujipanga kutoka kisimani na kupokezana ndoo. Kihisi cha Hubble husomwa namna hiyo: chaji ya pikseli moja humwagwa kwenye inayofuata, hadi ifike ukingoni ihesabiwe. Miaka ya kupigwa na chembe imetoboa njia hiyo vishimo. Chaji kidogo hunaswa humo, kisha hutoka imechelewa, na nyota hujikuta ina mkia usiokuwa wake. Nyota hafifu ndiyo huumia zaidi, kwa kuwa haikuwa na maji mengi tangu mwanzo. Tiba moja iliyobuniwa ni kumulika kihisi kwa mwanga hafifu sana unaojulikana kiasi chake, vishimo vishibe kwanza, ndipo chaji ya nyota ipite juu yake. Kisha mwanga ule wa kuongezwa hutolewa kwenye hesabu.

Mjomba alikaa kimya kidogo. "Sawa," akasema. "Sasa kilo yenyewe? Maana mkaguzi wa vipimo akija, anakuja na mawe yake."

Mawe ya kilo yaliyoko mbinguni

Swali hilo ndilo moyo wa jambo zima. Mizani inaweza kusimama sifuri, ikasoma sawa katikati na pembeni, na bado kilo yake ikawa gramu 950. Lazima awepo mtu wa nje, na jiwe linaloaminika.

Hubble haitembelewi na mkaguzi. Wanaanga waliifikia mara ya mwisho Mei 2009. Webb haijajengwa ili itembelewe kabisa. Basi mawe ya kilo imebidi yatafutwe huko huko juu, na yaliyochaguliwa ni nyota. Matatu ya msingi kwa Hubble yana majina kama namba za gari: G191-B2B, GD71 na GD153. Ni nyota vibete vyeupe, yaani viini vya nyota zilizokwisha kuchoma mafuta yake, sasa zimekaa tu zikipoa polepole sana. Huwezi kuziona kwa macho.

Zimechaguliwa kwa sababu zinachosha. Hazivimbi na kunywea. Ngozi yake karibu yote ni haidrojeni, elementi rahisi kuliko zote, hivyo wanafizikia wanaweza kukokotoa kutoka kwenye kanuni kiasi gani cha mwanga nyota ya namna hiyo inapaswa kutoa katika kila rangi. Na zipo tatu ili zichungane. Moja ikiwa na dosari, mbili zitaisema. Mkaguzi mwenye jiwe moja unaweza kumtilia shaka; mwenye mawe matatu yanayokubaliana, kumbishia ni kazi.

Kwa hiyo Hubble hurudi kwenye nyota hizi mwaka baada ya mwaka. Zikionekana zimefifia, hakuna anayetangaza kwamba nyota zimefifia. Darubini ndiyo iliyochoka, na kiasi cha kuchoka huandikwa.

Mtu atauliza, usahihi wote huu wa nini? Kama ni picha ya kuning'iniza ukutani, kweli hauna faida kubwa. Lakini mng'ao ndiyo rula ya kupimia umbali. Ukiijua nguvu ya taa ya pikipiki, unaweza kukadiria iko mbali kiasi gani gizani kwa jinsi inavyoonekana hafifu. Wanaastronomia hufanya hivyo kwa nyota za aina fulani na kwa milipuko ya nyota, na kutokana na umbali huo hukokotoa kasi ambayo ulimwengu unatanuka. Hivi sasa kuna ubishi mkubwa. Timu ya mwanaastronomia Adam Riess, ikitumia Hubble, ilipata mwaka 2022 kwamba kwa kila miaka nuru milioni 3.26 ya umbali (mwaka nuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mmoja), kasi huongezeka kilomita 73 kwa sekunde. Setilaiti ya Ulaya iliyoitwa Planck, iliyopima masalia ya mwanga wa mwanzo wa ulimwengu, ilielekeza kwenye 67. Tofauti ya 6 tu, lakini ama kuna jambo kuhusu ulimwengu hatulijui, ama mizani moja imepinda.

Jambo la kwanza lililofanywa halikuwa kuandika nadharia mpya. Ilikuwa ni kukagua mizani. Nyota zile zile zilizopimwa na Hubble zilipimwa tena na Webb, yenye kioo cha kukusanyia mwanga chenye upana wa mita 6.5 dhidi ya mita 2.4 za Hubble, na vipimo vikakubaliana. Ubishi haujaisha, ila kisingizio kwamba Hubble ilichanganya nyota na majirani zake kimepoteza nguvu.

Webb yenyewe ilitoa somo mapema. Picha zake za kwanza zilitolewa tarehe 12 Julai 2022, na watafiti wakazivamia siku zile zile wakitafuta galaksi za zamani kabisa. Ugezi uliokuwapo ulitegemea zaidi vipimo vilivyofanywa ardhini kabla ya safari. Wiki chache baadaye vipimo vya angani vikafika, na mng'ao wa baadhi ya galaksi ukabadilika. Waliokuwa wamekimbilia kuandika ikabidi warudi kwenye hesabu. Mitandaoni ikawa "sayansi imeumbuka". Mimi sioni aibu yoyote hapo, isipokuwa ya haraka.

Siku jiwe lenyewe lilipokuwa bovu

Aibu ya kweli ipo, na ni ya Hubble. Darubini ilipofunguliwa macho mwaka 1990, nyota zilionekana na ukungu unaozizunguka, kama unavyoona taa ya barabarani kupitia miwani iliyopakwa mafuta. Kioo kilikuwa kimesuguliwa vizuri mno, laini kuliko kioo chochote cha ukubwa ule, lakini kwa umbo lisilo lake. Ukingoni kilikuwa bapa kupita kiasi kwa mikroni 2.2, kitu kama sehemu moja ya hamsini ya unene wa unywele.

Ilikuwaje? Kifaa kilichotumika kiwandani kukagua umbo la kioo kilikuwa na lenzi iliyofungwa milimita 1.3 nje ya mahali pake. Mafundi walisugua kwa uaminifu mpaka kioo kikalingana na kifaa. Kuna vipimo vingine viwili, rahisi zaidi, vilivyoonyesha kwamba kuna kasoro. Vikapuuzwa, kwa hoja kwamba kile kifaa kikubwa ndicho sahihi zaidi.

Niliposimulia hili mjomba aliguna kwa namna ambayo siwezi kuiandika. Mtu wa mizani anaelewa uchungu wake. Mawe mawili yanasema umekosea, wewe unaliamini la tatu kwa sababu ndilo ghali.

Kosa hilo, kwa bahati, lilikuwa safi. Kwa kuwa kioo kilikuwa kimekosewa kwa usahihi mkubwa, miwani yake iliweza kukokotolewa kwa usahihi ule ule. Desemba 1993 wanaanga saba walipanda na chombo cha Endeavour, wakafunga vioo vidogo vya kurekebisha pamoja na kamera mpya iliyokuwa na miwani yake ndani. Nguzo za Uumbaji zilizomfikia mjomba kwenye simu zilipigwa mwaka 1995, chini ya miaka miwili baada ya miwani hiyo.

Tukiwa bado kwenye miaka ile: aliyeiongoza taasisi ya Baltimore tangu mwanzo wake mwaka 1981, akapitia balaa lote hilo la kioo, ni Riccardo Giacconi, aliyepata baadaye Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Jina lake linapaswa kujulikana pwani yetu. Setilaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kwa ajili ya kutazama miale ya eksirei ya angani, ambayo yeye ndiye aliyekuwa kinara wake wa kisayansi, ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970. Ilikuwa sikukuu ya Jamhuri ya Kenya, na ikapewa jina Uhuru. Mpaka leo vitabu vya astronomia vya Kijapani na Kijerumani vina neno hilo la Kiswahili ndani yake.

Kufa na kuchorwa

Nilimrudia mjomba kwenye yale mawili aliyoanza nayo.

Hubble haijafa. Habari za kifo chake hutokana na kitu kinachoitwa hali ya usalama. Una kile kifaa kinacholinda friji: umeme ukipanda au kushuka kupita kiasi, kinakata, kinasubiri. Friji haijaungua. Darubini nayo ikiona jambo lisiloeleweka hufunga kazi za kisayansi, hugeuza paneli zake zipate jua, na kungoja amri. Juni 2021 ilikaa hivyo kama mwezi mzima kompyuta inayoendesha vifaa vya sayansi ilipogoma, hadi vifaa vya akiba vilipowashwa. Mei 2024 ikaingia tena, safari hii kwa sababu ya jairo, kifaa kinachohisi mwendo wa kugeuka. Zilifungwa sita mwaka 2009, nyingi zimechakaa. Tangu Juni 2024 Hubble inatumia moja tu. Hujipanga polepole zaidi, na haiwezi kufuatilia vitu vinavyokwenda vikiwa karibu nasi kuliko Mirihi. Ni mzee anayetembea kwa mkongojo, lakini sokoni anafika.

Kuhusu kuchorwa, hapa mjomba ana nusu ya haki. Kamera za Hubble hupiga nyeusi na nyeupe. Rangi hupatikana kwa kupiga picha kadhaa, kila moja kupitia chujio kinachopitisha mwanga wa aina moja, kisha kila moja hupewa rangi na kuunganishwa. Katika Nguzo za 1995, mwanga wa oksijeni ulipewa buluu, haidrojeni kijani, salfa nyekundu. Ungesimama pale kwa macho yako usingeona hivyo. Lakini fungua atlasi ya shule: milima kahawia, nyanda za chini kijani. Hakuna anayesema Kilimanjaro ni ya kubuni kwa vile kwenye atlasi ni kahawia. Rangi inakuambia kitu kiko wapi. Kuibuni gesi isiyokuwapo lingekuwa jambo jingine, na namba ghafi zipo kwa anayetaka kukagua. Picha za ugezi hutolewa wazi mara moja, bila hata ule muda wa miezi kadhaa ambao mwombaji hupewa kuifanyia kazi data yake kabla ya wengine.

Webb, kwa upande wake, hukaguliwa kioo kila baada ya siku mbili hivi. Kioo chake ni vipande 18 vinavyoweza kusogezwa, na hutazamishwa nyota ili kuona kama vyote bado vinaungana kuwa jicho moja. Mara nyingi jibu ni kwamba hakuna cha kufanya. Mei 2022 jibu lilikuwa tofauti: kipande kimoja kilikuwa kimegongwa na kijiwe kidogo kuliko punje ya mchanga. Hakuna aliyeona kikigonga. Ukaguzi wa kawaida ndio uliosema.

"Na zile picha za zamani," mjomba akauliza salio likiwa linakaribia kuisha, "zile zilizopigwa kabla hawajajua makosa yote haya, wanazitupa?"

Hazitupwi. Namba ghafi huhifadhiwa kama zilivyoshuka, na kila ugezi unapoboreshwa, picha za zamani huweza kusafishwa upya. Mwaka 1998 Hubble iliitazama nyota iitwayo HR 8799 na picha ikawekwa ghalani, haina la ajabu. Miaka kumi baadaye darubini za Hawaii zikagundua sayari zinazoizunguka nyota hiyo. Mwaka 2009 mwanaastronomia David Lafrenière na wenzake wakaifungua ile picha ya 1998, wakaondoa mng'ao wa nyota kwa mbinu ambayo haikuwapo ilipopigwa, na sayari moja ikaonekana. Mwaka 2011 wengine wakaisafisha zaidi, zikatoka mbili nyingine. Zilikuwa mle ndani siku zote, chini ya karai.